Jinsi ya kubuni gemu ya mafumbo inayochezwa kwa macho ya mhusika

Oktoba 2007 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Portal, gemu fupi ambamo mchezaji anaona kila kitu kwa macho ya mhusika wake. Mkononi ana chombo kimoja tu, kinachofungua matundu mawili ukutani: ukiingilia la buluu unatokea kwenye la chungwa. Wazo lilitoka kwa wanafunzi wa chuo cha DigiPen, ambao mwaka 2005 walitengeneza gemu yao ya masomo iitwayo Narbacular Drop. Valve wakaiona, wakawaajiri. Vyumba vingi vya Portal ni vitupu na vyeupe, na mtu mzoefu anaimaliza jioni moja.

Nimeitanguliza Portal kwa sababu ni kipimo kinachofikika. Gemu ya vita ya mtandaoni inataka kikosi kizima cha watengenezaji na seva za kulipia kila mwezi. Gemu ya mafumbo inataka kanuni moja nzuri, vyumba kumi na kitu, na subira. Mtu mmoja mwenye laptop ya kawaida anaweza kuifikisha mwisho, na mwongozo huu ni wake. Wengi huanza na hadithi na picha, na miradi mingi hufia huko huko. Hapa tunaanza na kanuni.

Kuna jambo moja la kulishika tangu sasa, maana hatua zote zinazofuata zinalitegemea: fumbo zuri halimfichi mchezaji kitu. Chukua kitendawili cha "nyumba yangu haina mlango". Yai kila mtu analijua, pengine amelila asubuhi ile ile; kilichofichika ni upande wa kulitazamia. Chumba cha fumbo kiwe hivyo. Mchezaji aone kila sanduku, kila kibao cha kukanyaga, na mlango wa kutokea. Kanuni zote azijue. Asichokijua kiwe kimoja: tokeo la kanuni hizo ambalo bado hajalifikiria. Ukificha ufunguo nyuma ya kabati umempa kazi ya kutafuta, na kutafuta kunachosha haraka kuliko kufikiri.

1. Chagua kitendo kimoja

Angalia gemu zilizodumu katika fani hii. Katika Superliminal (2019) ukubwa wa kitu unategemea kinavyoonekana unapokishika: kikionekana kikubwa mbele ya macho, ukikiachia kinakuwa kikubwa kweli. Katika Viewfinder (2023) unainua picha mbele yako, unaiweka, na kilichomo ndani yake kinakuwa mahali pa kuingia. The Witness ya Jonathan Blow (2016) ina mafumbo zaidi ya 500 kisiwani, na unayatatua kwa kuchora mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila moja ina kitendo kimoja kilichokamuliwa hadi tone la mwisho.

Kabla hujakipenda kitendo chako, kijaribu kwenye karatasi ya miraba. Kama fumbo linachezeka vizuri likitazamwa kutoka juu, bila kupoteza ladha, tengeneza gemu ya kutazamwa kutoka juu. Ni rahisi zaidi na itapendeza zaidi. Mtazamo wa macho ya mhusika una gharama kubwa, kwa hiyo uwe na kazi: mwili wa mchezaji, mahali alipo na upande anaotazama viwe sehemu ya jibu.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuuite kuchota uzito. Kanuni zake ni hizi:

Mchezaji ana chombo chenye nafasi ya kipimo kimoja cha uzito. Akikielekeza kwenye sanduku zito na kubonyeza kitufe cha kushoto, anachota uzito wake na sanduku linabaki jepesi. Akielekeza kwenye sanduku jepesi na kubonyeza kitufe cha kulia, anamimina uzito na sanduku linakuwa zito. Sanduku zito halibebeki, linabonyeza kibao cha sakafuni kinachofungua mlango, linazama majini, na upepo haulitikisi. Jepesi linabebeka, linaelea, na linapeperushwa. Na mchezaji aliyebeba uzito, yeye mwenyewe ni mzito: haruki, anabonyeza kibao, anatembea chini ya maji.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba gemu nzima. Bila hiyo tuna masanduku ya kusogezwa huku na huku, kazi ambayo gemu nyingi zimeshaifanya. Ikiwemo, mwili wa mchezaji unageuka kuwa moja ya vitu vya kupangwa chumbani. Uzito anausikia yeye: nyayo zinatoa sauti nyingine, kamera inashuka kidogo. Hapo mtazamo umepata kazi.

2. Jenga mwili kabla ya vyumba

Kwa anayeanza ninapendekeza Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu, na tangu toleo la 4 ina namna ya kuchora iitwayo Compatibility inayofanya kazi hata kwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro ya bei kubwa. Unity na Unreal, programu nyingine za aina hiyo, zinafaa pia. Kama tayari unaijua mojawapo, usihame.

Tengeneza uwanda mtupu, weka mhusika wa aina ya CharacterBody3D, kisha tembea humo hadi mwendo ukuridhishe. Kiolezo cha msimbo wake kinakuja na mwendo wa mita 5 kwa sekunde na kasi ya kuruka ya 4.5. Fanya hesabu ya fizikia ya sekondari kwa mvutano wa 9.8: anapanda mita 1.03, anakaa hewani sekunde 0.92, na akiruka huku anakimbia anavuka mita 4.6 hivi. Namba hizi ziandike ukutani, kwa sababu kila shimo na kila kizingiti utakachojenga kitazitegemea. Kizingiti cha kupandika kiwe mita 0.8, kisichopandika mita 1.5 au zaidi. Shimo la kuvukika liwe mita 3.5, lisilovukika mita 7. Kizingiti cha mita 1.1 au shimo la mita 5 ni sumu: mchezaji ataruka na kuruka akiamini tatizo ni vidole vyake, wakati wewe ulitaka afikiri.

Kamera ikae kwenye kimo cha mita 1.6 hadi 1.7. Vyumba vifanye vikubwa kuliko vya nyumbani, kwa sababu kwenye skrini mtu hana hisia za mabega na mlango wa kawaida unaonekana mwembamba. Mlango wa mita 2.4 kwa 1.5 na dari ya mita 4 ni mwanzo mzuri.

Mambo mawili ya ufundi yatakusumbua mapema, basi yajue. La kwanza ni kuta nyembamba. Fizikia ya Godot inapigwa hesabu mara 60 kwa sekunde. Sanduku lililorushwa kwa mita 30 kwa sekunde linasogea nusu mita katika kila hesabu, na ukuta wa sentimita 10 linaweza kuupita kana kwamba haupo. Jenga kuta nene upande usioonekana. La pili ni kubeba. Sanduku likiwa mkononi usiliwekee mahali moja kwa moja kila sekunde, litapenya ukutani. Lipe kasi ya kulifuata, kana kwamba linavutwa, eneo lililo mbele ya kamera, chini kidogo ya katikati ili lisizibe macho. Likikwama kwenye kona, lidondoke lenyewe.

Kisha weka nukta ndogo katikati ya skrini, na kila kitu kinachoweza kuchotwa au kumiminiwa kibadilike rangi kidogo nukta inapokigusa. Mchezaji asibahatishe kamwe kama kitu kinashikika.

3. Andika matokeo, si vyumba

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Chukua daftari, andika kila tokeo la kanuni zako unaloweza kulifikiria, sentensi moja moja, bila kufikiria chumba chochote. Kwa kuchota uzito, orodha yangu ingeanza hivi:

Sanduku lililoziba njia huondolewa kwa kulipunguzia uzito. Sanduku jepesi hubebwa hadi kwenye kibao, kisha likamiminiwa. Ninaweza kukikanyaga kibao mimi mwenyewe. Sanduku linaloelea ni daraja, na likimiminiwa linazama pamoja na aliyelisimamia. Upepo haunisukumi nikiwa mzito. Sanduku zito hukinga upepo. Sanduku lililopeperushwa juu, likimiminiwa hewani, huanguka wima papo hapo. Nikizama na uzito naweza kupita chini ya ukuta ulioingia majini, na nikiuacha uzito huko ninapanda juu upande wa pili.

Hebu tazama mistari hii inavyotofautiana. Wa kwanza mtu anaugundua bila kujijua. Wa mwisho utamfanya anyamaze kidogo, kisha atabasamu. Mistari ya namna ya mwisho ndiyo hazina yako, na kila mmoja unastahili chumba chake. Ukikosa angalau kumi ya kutosha, usijenge. Rudi hatua ya kwanza ubadili kanuni moja. Usijaze pengo kwa kuongeza kitendo cha pili. Ongeza mazingira badala yake: maji, upepo, kioo kinachovunjika, mizani. Mazingira yanaifanya kanuni ile ile izae upya, na mchezaji hana cha kujifunza kipya mkononi.

4. Jenga chumba kinyumenyume

Chagua tokeo, ulione jibu, halafu jenga kuta kulizunguka. Anayeanza kwa kupanga masanduku na swichi kisha akatafuta jibu hupata chumba chenye kelele nyingi na wazo dogo.

Nachukua mawili yanayokaa pamoja: upepo haunisukumi nikiwa mzito, na sanduku zito hukinga upepo. Jibu ninalolitaka ni hili. Mchezaji anachota uzito wa sanduku, anakuwa mzito, analibeba sanduku lile lile lililobaki jepesi na kupita nalo katikati ya upepo. Akifika mbele anamimina uzito. Sanduku linadondoka miguuni pake, linasimama imara, na yeye, sasa mwepesi, anajificha nyuma yake. Kitu kimoja kimemtumikia mara mbili.

Sasa kuta. Tunahitaji ukumbi wa mita 12 wenye feni kubwa mwishoni inayovuma kuelekea mlango wa kuingilia. Nguvu yake ishinde mwendo wa mchezaji: yeye anakimbia mita 5 kwa sekunde, upepo umsukume kwa 7, asipate hata hatua moja akiwa mwepesi. Tunahitaji sababu ya yeye kuwa mwepesi tena akifika mbele, la sivyo atapita tu na uzito wake. Njia ya kutokea basi iwe pembeni, mita mbili kabla ya feni, na sakafu yake iwe ya kioo kinachovunjika chini ya chochote kizito, kianzie kwenye ukingo wenyewe wa ukumbi. Na tunahitaji sanduku moja, karibu na mlango. Basi. Feni, kioo, sanduku.

Upepo wenyewe usiupigie hesabu ya hewa. Chora mstari usioonekana kutoka kwenye feni hadi kiunoni mwa mchezaji. Ukikatizwa na sanduku, hapati nguvu yoyote. Sanduku liwe na kimo cha mita 1.2 ili mstari ukatike bila ubishi. Mchezaji hataki upepo wa kweli, anataka upepo anaoweza kuutabiri.

Ukimaliza, anza kuondoa. Kila kitu chumbani kiulize: nikikitoa, jibu linabadilika? Pipa la mapambo linaloonekana kama sanduku linatoka. Kibao cha ziada kinatoka. Vyumba vya kwanza vya watu wengi vina vitu mara mbili ya vinavyohitajika, na mchezaji anatumia nguvu zake kuchambua takataka zako.

5. Jedwali la hali: mahali pa kukwama na njia za mkato

Hatua hii haina raha ya kujenga, lakini ndiyo inayomlinda mchezaji asikwame bila kujua kwamba amekwama. Hakuna kinachovunja imani yake kwako kama kufikiri kwa muda mrefu ndani ya chumba ambacho jibu lake limeshapotea.

Andika kila kinachoweza kubadilika. Katika chumba chetu uzito uko kwenye sanduku au kwa mchezaji: hali 2. Mchezaji yuko mlangoni, ukumbini au upande wa kioo: 3. Sanduku liko mlangoni au ukumbini: 2. Zidisha, unapata hali 12. Zichore kama visanduku na mishale, na hakikisha kutoka kila kisanduku kuna mshale wa kurudi kwenye njia ya jibu.

Ukifanya hivyo utaona tatizo. Mchezaji anamimina katikati ya ukumbi, anatoka nyuma ya sanduku, upepo unamrudisha mlangoni. Sanduku limebaki zito mita sita mbele, yeye ni mwepesi, na kama chombo chake kinafika mita tatu tu, hana la kufanya. Amekwama. Dawa ni kuruhusu chombo kichote kutoka mbali, umbali wa chumba kizima: anachota, sanduku linakuwa jepesi, upepo unamletea miguuni. Inapendeza, kwa sababu dawa yenyewe imezaa tokeo jipya la kuingia daftarini.

Lakini kama na kumimina nako kunafika mbali, mlango mwingine umefunguka. Mchezaji ataliacha sanduku mlangoni, apite na uzito hadi mbele, asimame ukingoni mwa kioo, amimine kwa mbali na kuchupa pembeni kabla upepo haujamshika. Amepita bila kuona wazo la chumba. Kwa hiyo kanuni inarekebishwa kwa gemu nzima: kuchota kunafika mbali, kumimina ni kwa karibu. Ni sentensi fupi, inafundishika katika chumba cha kwanza, na imeziba matatizo yote mawili. Kanuni nyingi nzuri za gemu za mafumbo huzaliwa hivi, kwenye jedwali, wala si kwenye ndoto ya mbunifu.

Lipo moja zaidi: sanduku likianguka kwenye kioo kilichovunjika. Lirudi mlangoni baada ya sekunde mbili, na liwe na hali ile ile ya uzito liliyokuwa nayo. Portal ina pazia la nuru kwenye milango ya kutokea linaloteketeza sanduku lolote linalopitishwa na kufuta matundu uliyofungua. Linapendeza macho, lakini kazi yake ni hii ya jedwali: hakuna kinachotoka chumba kimoja kwenda kingine, basi kila chumba kina hesabu yake.

Si kila njia ya mkato izibwe. Mchezaji akitatua chumba kwa namna usiyoifikiria, na namna hiyo inataka akili kuliko vidole, iache. Atajiona mshindi, na ni kweli ameshinda.

6. Panga anachokiona

Katika gemu ya kutazamwa kutoka juu mchezaji anaona kila kitu wakati wote. Hapa anaona kipande tu, na kila mara kuna kitu nyuma ya kisogo chake. Kwa hiyo mlango wa kuingilia ni jukwaa lako: simama hapo, usiguse kipanya, na uliza kama unaona lengo. Njia ya kutokea iwe ndani ya picha hiyo, hata kama ni kwa dirisha. Katika chumba cha upepo ningeweka taa ya kijani juu ya njia ya kioo, ionekane tangu mlangoni, na vipande vya karatasi vinavyopeperuka ili mtu aone upepo kabla haujamsukuma.

Juu na nyuma ni pande mbili ambazo watu hawatazami. Jibu likiwa darini, kitu kitokee huko: cheche, sauti, kivuli kinachopita sakafuni. Na kitendo na matokeo yake viwe ndani ya picha moja. Mtu akikanyaga kibao hapa na mlango ukafunguka nyuma yake, kwake ni kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukilazimika kuviweka mbali, chora waya unaowaka sakafuni kutoka kibao hadi mlango.

Portal inasema mengi kwa nyuso za kuta peke yake: zege jeupe linapokea tundu, chuma cheusi hakipokei, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chagua lugha yako ya nyuso na usiivunje hata mara moja kwa sababu ya urembo. Rangi isibebe maana peke yake, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kizito kiwe cheusi na chenye misumari, chepesi cheupe na chenye matundu.

7. Panga vyumba kwa mfuatano

Fuata jinsi Portal inavyofundisha. Mchezaji anaanza hana chombo. Tundu linafunguka lenyewe, na kupitia hilo anajiona mwenyewe. Baadaye anapata chombo kinachotoa tundu la buluu tu, la chungwa likiwa limewekwa tayari na wabunifu. Anazoea kulenga moja. La pili anakabidhiwa kwenye chumba cha 11 kati ya vyumba vinavyohesabiwa hadi 19. Zaidi ya nusu ya mafunzo imepita kabla hajashika chombo kizima.

Kwa kuchota uzito: chumba cha kwanza kina sanduku lililoziba mlango na hakuna kingine cha kufanya isipokuwa kuchota. Cha pili, kibao na sanduku jepesi. Cha tatu, kibao peke yake na sanduku zito lililofungiwa nyuma ya wavu lisikotoka. Hapo atagundua kwamba yeye mwenyewe ni mzito. Cha nne, upepo kwa namna nyepesi, bila kioo. Ndipo chumba chetu. Kila tokeo lipate chumba cha kulionja peke yake kabla halijachanganywa na jingine, na baada ya chumba kigumu weka kimoja cha kupumua.

Maelezo ya maandishi yaishie kwenye vitufe. Mengine yote yafundishwe na chumba. Eneo la mwanzo la The Witness halina sentensi hata moja ya kueleza fumbo: paneli ya kwanza ina mstari ulionyooka, ya pili kona moja, na mtu anaelewa.

8. Wape watu, unyamaze

Ukishakuwa na vyumba vinne vya maboksi ya kijivu, bila picha nzuri wala muziki, tafuta mchezaji. Mkalishe, mwambie "endelea", kisha usifungue mdomo. Hii ni hatua ngumu kuliko zote kwa mtu anayeipenda kazi yake. Mkono utakuwasha kuonyesha kidole kwenye skrini. Jizuie, kwa sababu ukishaonyesha umempoteza mchezaji huyo kama shahidi. Hawezi kuja kwenye chumba hicho mara ya kwanza tena.

Rekodi skrini kwa OBS, programu ya kurekodi ambayo ni bure. Tazama nukta ya katikati inakwenda wapi kwanza akiingia. Tazama anaporudia kitu kilekile mara tatu: pale anaamini jambo lisilo kweli kuhusu kanuni zako, na ni wewe uliyemwaminisha. Akimaliza usimuulize kama amependa, atakujibu kwa adabu. Muulize, "Pale kwenye upepo ulidhani ungetokea nini?" Jibu lake ndilo litakalokuonyesha cha kurekebisha.

Katika majaribio ya Portal wachezaji walikuwa wakilisahau sanduku ambalo chumba cha 17 kilitaka walibebe mwanzo hadi mwisho. Wabunifu hawakuongeza onyo. Walilichora mioyo, na sauti ya gemu ikalizungumzia kama rafiki. Watu wakaacha kulisahau, na sanduku hilo likawa maarufu kuliko wahusika wengi wenye uso.

Wafikirie pia watu wasiozoea kutazama kwa kipanya. Wachezaji wengi wa kwetu wamekulia kwenye simu na mpira wa PlayStation; kutembea kwa kidole kimoja na kugeuza shingo kwa mkono mwingine ni ujuzi mpya kwao. Wape korido tulivu ya dakika mbili kabla ya fumbo lolote, isiyo na shimo wala saa ya kuwaharakisha.

9. Yanayobaki

Kichefuchefu ni jambo la kweli katika mtazamo huu. Kamera ya Godot inakuja na upana wa nyuzi 75 zinazopimwa wima, ambazo kwenye skrini ya 16 kwa 9 ni karibu nyuzi 107 kwa mlalo. Weka kitelezi ili mtu ajirekebishie. Kutikisika kwa kichwa wakati wa kutembea kuwe na kitufe cha kuzima, na mimi ningekizima tangu mwanzo. Weka pia kasi ya kipanya na uwezo wa kubadili vitufe.

Picha zije sasa, baada ya vyumba kuthibitika. Mistari safi, rangi chache na mwanga uliopigwa hesabu mapema vinaendeshwa na mashine dhaifu na vinamsaidia mchezaji kuona fumbo. Blender, programu ya kuundia maumbo ya gemu, inatosha kwa vitu vyote. Sauti usiichelewe sana: mlio wa kuchota na wa kumimina utasikika mara maelfu, uwe mfupi na mtamu.

Maneno yote yaweke kwenye faili la tafsiri tangu siku ya kwanza, uweze kutoa gemu kwa Kiswahili na lugha nyingine bila kugusa msimbo. Usiunge sentensi kwa vipande, jina la kitu hapa na kitenzi pale, kwa sababu mlango umefunguka, sanduku limefunguka na kioo kimefunguka. Andika kila sentensi nzima.

Toleo la kwanza liwe na vyumba kumi hadi kumi na viwili. Lipakie kwenye tovuti ya itch.io, ambako hulipi chochote kuweka gemu, na Godot inaweza kulitoa hata kwa kuchezwa ndani ya kivinjari. Steam, duka la gemu la mtandaoni, inatoza dola 100 kwa kila gemu, na fedha hiyo hurudi mauzo yakifika dola 1,000. Nenda huko ukishapata wageni wanaomaliza vyumba vyote bila msaada wako. Kabla ya kupakia popote, cheza toleo lenyewe lililofungashwa, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekewa Godot, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Mafaili yaliyosahaulika na njia za mafaili zilizoandikwa kwa jina la diski yako hujitokeza hapo.